Shemeji Alivyoniharibia Mchezo wa Huruma

Jumatatu, 3 Machi
Mkuu wa kituo chetu cha afya kaleta mwalimu wa maigizo. Eti tujifunze huruma na kuzungumza na wagonjwa kwa kucheza michezo. Mimi, tabibu mwenye uzoefu wa miaka kumi na tisa! Mchezo wenyewe: mmoja anakuwa tabibu, mwingine mgonjwa. Mtazamaji akiona tabibu anakosea, anapiga makofi na kuchukua nafasi yake. Tabibu wa leo aliandika muda wote bila kuinua macho. Wote wakanigeukia. Kuna mtu kanichongea, na namjua: muuguzi wa chumba cha pili, Bi Tabasamu. Anakimezea mate chumba changu chenye dirisha. Ijumaa kila mmoja atapimwa kwa mchezo huo, na atakayeshindwa anahamishiwa stoo ya dawa, asione mgonjwa tena.

Jumanne, 4 Machi
Nimechungulia daftari la mwalimu. Kachora jicho. La nani? Tunapelelezwa. Ila mimi si mtoto wa jana. Ijumaa hata mtu wa nje anaruhusiwa kucheza mgonjwa. Nitampanga shemeji, kaka wa mke wangu. Atasema kichwa kinamuuma, nitampa pole, atashukuru kwa machozi. Basi.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kakubali upesi mno. Sipendi mtu wa kukubali upesi. Tulipokuwa tunafanya mazoezi akasema kuna jambo la kifua alitaka kuniambia. Nikamwambia asichanganye mambo, tumekubaliana kichwa.

Ijumaa, 7 Machi
Kikulacho ki nguoni mwako. Nilijiandaa, maneno nimeyaandika kiganjani: Pole. Nakusikiliza. Endelea. Shemeji akakaa. Kisha akasema kifua kinambana mwezi wa pili sasa, akipanda ngazi anaona giza, na mara tatu kaenda nyumbani kwa tabibu mmoja, kila mara akaambiwa asubiri taarifa ya habari iishe. Hayo hatukuyapanga. Nikamnong'oneza: kichwa, kichwa. Akaanza kulia. Nikatazama kiganja. Jasho limefuta yote, limebaki neno la mwisho. Nikasema endelea.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nikainama kushukuru. Kumbe kila mmoja anataka kuninyang'anya kiti. Aliyewahi ni Bi Tabasamu. Akamshika mkono, hakusema neno. Ujanja mtupu. Baadaye akamuuliza maswali mawili matatu, wakatoka pamoja kwenda kupimwa. Mchezo haujaisha!

Jumapili, 9 Machi
Shemeji kalazwa hospitali kubwa. Ni moyo. Wanasema angechelewa wiki moja tungemzika. Mke wangu hanisemeshi tangu jana, chakula ananiwekea mezani na kuondoka. Mimi nimekabidhiwa funguo za stoo, na chumba kapewa unayemjua. Imeniuma sana.

Lakini nimekaa, nimefikiri, nimeuona mpango wote. Hawa wawili walikula njama mapema. Kesho nakwenda wodini kumhoji shemeji mpaka aseme ukweli. Maana mtu gani huyo, aumwe miezi miwili, ana shemeji tabibu, asimwambie?