Mwisho Alioutunga Mwalimu

Habari iliyovuruga kijiwe Jumatano ile haikutoka redioni wala gazetini. Ililetwa na Jalada, muuza vitabu wa duka la kona, akiwa amekumbatia vitabu vitano vya aina moja, vinene, vya jalada la kijani. Alivibwaga kwenye benchi langu la kushonea viatu, juu ya soli niliyotoka kuipaka gundi.

"Ondoa," nikamwambia. "Vitaganda hapo."

"Vigande tu. Vimerudishwa vyote tangu Jumatatu. Watu watano wanadai nimewauzia vitabu vilivyonyofolewa kurasa."

Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, alikuwa anasubiri kahawa yake ipoe. Huyu hata akiwa na mteja humwacha na povu kidevuni akaja kusikiliza.

"Umezihesabu?" akauliza.

"Mara mbili. Mia nne na kumi na mbili, kama zilivyotoka kiwandani. Shida ni kwamba wanatafuta mambo ambayo hayamo. Mmoja anatafuta msafara wa punda kumi na wanane wenye kengele shingoni. Mwingine anatafuta harusi ya juu ya paa. Na wote watano wananiuliza yule dada alimsamehe kaka yake ukurasa wa ngapi."

"Kwani hakumsamehe?"

"Amsamehe wapi. Ukurasa wa mwisho anambamizia mlango, kitabu kimekwisha."

"Sasa hao punda wamewatoa wapi?"

Jalada akashusha pumzi. "Kwa Mwalimu."

Mwalimu ni mwenzetu hapa kijiweni. Anafundisha shule ya msingi ya nyuma ya soko, mwaka wa thelathini na moja huu, na anaishi peke yake katika vyumba viwili. Likizo ndefu ilipoanza alitutangazia kwamba amefungua blogu, kwamba atasoma vitabu kumi na viwili kabla shule haijafunguliwa, na kwamba kila Jumapili ataandika tafakari. Tulimcheka. Lakini blogu ikashika moto. Anaanza na maisha, jinsi chaki ilivyomkausha vidole, jinsi darasa tupu linavyopiga kelele kuliko lililojaa, halafu anaingia kwenye kitabu cha wiki na kukusimulia mpaka mwisho. Watu walikuwa wanamsoma kwenye foleni za hospitali. Mimi mwenyewe nimejigonga kidole kwa nyundo nikimsoma.

"Pengine alisoma toleo jingine," nikasema.

"Hakuna toleo jingine. Mwandishi alikufa."

"Basi alikufa kabla hajamaliza," akasema Wembe. "Mwalimu kamsaidia."

"Wembe, kitabu si ndevu, kila mtu akate anapotaka."

Mwalimu mwenyewe akatokea, begi begani, anatembea kama mtu aliyelala vizuri. Akatusalimia, tukamwitikia, tukamsogezea nafasi katikati. Alipoona rangi ya kijani kwenye benchi, akakumbuka ghafla kwamba ameacha maji jikoni. Jalada akamshika shati.

"Mwalimu, kaa. Kitabu hiki ulikisoma?"

"Nilikisoma."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka nilipofika."

"Ulifika wapi?"

Mwalimu akatazama viatu vya wateja wangu, kimoja kimoja. "Ukurasa wa arobaini na tatu."

"Na vile vingine?"

"Kuna kimoja nilifika ukurasa wa sitini. Kilikuwa na picha."

Wembe akaweka kikombe chini ili acheke vizuri, lakini Mwalimu alikuwa ameshafungua begi. Akatoa nakala yake ya kitabu kile na kutufunulia. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwekundu kama umechinjiwa kuku. Koma zimehamishwa, sentensi zimekatwa, pembeni ameandika, "Nani alisema haya?" na chini yake, "Rudia."

"Ni mkono," akasema. "Mtu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na moja, ukimpa karatasi yenye maandishi mkono unajiendea. Najiambia leo nasoma kwa raha. Naona neno limekaa vibaya, nalirekebisha. Naona jingine. Nafika ukurasa wa kumi sijui nani kafanya nini, najua tu wamekosea wapi."

Jalada akafunua ukurasa wa arobaini na tatu. Pale chini palikuwa na alama, arobaini na moja kwa mia, na maoni: "Una kipaji ila una haraka. Nione ofisini."

"Atakuonaje," Jalada akauliza, "na yuko kaburini?"

"Sikujua amekufa. Hilo nadhani limeandikwa kurasa za mbele." Akafunga kitabu. "Jumapili ikafika, watu wananisubiri. Nikaandika mwisho mdogo tu."

"Mwisho mdogo una punda kumi na wanane?"

"Punda walikuja wenyewe." Sauti yake ikashuka. "Chekeni tu. Nimewaambia watoto elfu moja na zaidi wasome vitabu, na mimi tangu nianze kazi sijamaliza hata kimoja. Nilidhani likizo hii nitajiponya. Mnajua ilivyo kumwambia mtoto 'maliza' na wewe hujawahi kumaliza?"

Wembe alikirudisha kicheko chake tumboni, na kwa Wembe hiyo si kazi ndogo.

Wakati huo ndipo Sista akatufikia. Huyu ni muuguzi mstaafu, ametuchoma sindano karibu mtaa mzima, kwa hiyo hatumtanii. Naye alikuwa na kitabu cha kijani mkononi. Jalada akakiona, akasema kwa unyonge, "Wa sita."

"Sikukuletea wewe," Sista akasema, akaketi mbele ya Mwalimu. "Mwalimu, mimi na kaka yangu tulikuwa hatusemeshani miaka kumi na moja. Shauri la kabati la marehemu mama. Jumapili ile nikasoma ulivyoandika, yule dada anafungua mlango, anamwambia kaka yake, 'Ingia, chai inapoa.' Nililia mpaka miwani ikaniteleza. Nikachukua simu, nikampigia, nikamwambia maneno hayohayo. Akaja na basi la asubuhi."

"Sista," Jalada akasema taratibu, "kitabuni dada anabamiza mlango."

"Najua. Nimekimaliza jana. Ningekimaliza mapema, mlango wangu ungekuwa umefungwa mpaka leo."

Mwalimu akainamisha kichwa. "Nisamehe, dada yangu. Nimekudanganya."

"Sikuja kukulaumu. Umenirudishia ndugu. Shida ni kwamba wiki ya tatu hii, na bado anakunywa ile chai."

Wembe akasogea karibu.

"Amelala kwenye kochi langu," Sista akaendelea. "Alikuwa karani wa mahakama, kwa hiyo kila kitu anakitolea hukumu. Chumvi, mapazia, jinsi ninavyofunga kanga. Nampenda kaka yangu. Ila nataka nimpende akiwa mahali pengine."

"Mwambie aende," nikasema.

"Nimwambie nini mtu niliyemwita mwenyewe? Nikifungua mdomo tunarudi kwenye kabati. Lakini wewe Mwalimu anakusoma kila Jumapili, na anakuheshimu. Neno lako kwake ni sheria. Kwa hiyo mwandikie. Yule kaka wa kitabuni, baada ya chai, aondoke kwa amani."

Jalada akasimama. "Yaani mnamwongezea marehemu sura nyingine na mimi nikiwa hapahapa?"

"Marehemu kapata arobaini na moja," Wembe akamwambia. "Anahitaji msaada."

Mwalimu akasema ataandika, lakini kwa sharti moja: kwanza ataungama kwenye blogu kwamba hakukimaliza kitabu, na mwisho ule ni wake. Sista akakubali. Jalada naye akakubali, mradi jina la duka lake lisafishwe.

Tukaanza kutunga pale benchini. Wembe alitaka kaka aondoke na wale punda. Sista akakataa, akasema karani hapandi punda. Mimi nikapendekeza akumbuke kuku wake nyumbani.

"Hana kuku," Sista akasema. "Nyumba yake kaipangisha."

"Basi ana pa kwenda?" nikauliza, lakini Mwalimu alishashika kalamu na hakuna aliyenisikia. Aliandika bila kufuta, kisha akatusomea:

"Kaka akafunga begi lake, akamshukuru dada yake, akaenda kuishi na mtu mpweke mwenye subira, aliyeyaelewa maisha, ambaye siku zote alikuwa akimngoja bila kujua."

Sista akajifuta macho. Hata Jalada akakiri kwamba ni mwisho mzuri kuliko wa kitabuni.

Jumapili blogu ikatoka. Mwalimu alidhani watamsulubu. Wasomaji wakamwandikia kwamba nao hawajawahi kumaliza vitabu, na wengine wakataja kurasa walizokwamia. Vitabu vya Jalada vikanunuliwa tena na watu waliotaka kuona mlango ukibamizwa.

Jumanne Mwalimu akaja kijiweni, macho mekundu.

"Kaka wa Sista vipi?" Wembe akauliza. "Ameondoka?"

"Ameondoka. Jumapili ileile jioni."

"Kaenda wapi?"

Mwalimu akanywa kahawa kidogo. "Nilisikia mtu anagonga mlango wangu. Nafungua, namkuta na begi. Nikamwuliza, mzee mwenzangu, umepotea? Akaniambia, 'Hapana, Mwalimu. Nimesoma.'"

Wembe safari hii hakujizuia. Alicheka mpaka mteja wake akatoka nje na taulo shingoni kuuliza kulikoni. Mwalimu alimsubiri amalize.

"Kanikuta na kile kitabu, akaninyang'anya," akasema. "Anakisoma yeye, kwa sauti, kama anasoma mashtaka. Mimi nimekaa mikono mitupu, sina pa kusahihisha. Jana tumefika ukurasa wa mia mbili na sita."

Sikumbuki kumwona na uso wa furaha kama ule kabla. Akaweka kikombe, kahawa ikiwa nusu, akachukua begi lake.

"Unakwenda wapi?" nikamwuliza. "Shule si imefungwa?"

"Tunaanza kusoma saa nne kamili," Mwalimu akasema. "Jana nilichelewa dakika tano, akanisimamisha nje."