Kostimu ya Mtu Mwembamba

Jumatatu, 2 Juni
Nimeanza! Bukari ya unga wa mahindi, mchele, mkate, bitumbula vya kukaanga vya asubuhi: kwaheri. Kuanzia leo ni nyama, mayai, avoka na mawese. Simu inasema mafuta huyeyusha mafuta. Sayansi!

Sababu: harusi ya Plamedie, shemeji yangu, Jumamosi ya wiki ijayo. Mimi ni shahidi. Harusi iliyopita shahidi alikuwa Symphorien, mume wa dada mkubwa wa mke wangu, mwembamba kama ufito. Picha yake inatamba kwenye ukuta wa salon ya mama mkwe mpaka leo. Safari hii ukuta ni wangu.

Nimepita Kamalondo kwa fundi Doudou. Nimemwambia akate kostimu ya mtu nitakayekuwa, si huyu aliyesimama mbele yake. Akauliza kama aache kitambaa cha ziada ndani ya mshono. Nikakataa kwa ukali. Anayeacha kitambaa hana imani.

Alhamisi, 5 Juni
Mkanda umesogea tundu moja! Claudine, mke wangu, alikula bukari yake mbele yangu polepole, kwa makusudi. Nikameza mate. Nikanywa munkoyo tu. Akasema munkoyo unatoka kwa mahindi. Nikamweleza kwamba kinywaji si chakula. Akajikatia tonge jingine.

Nimefikiria mbali. Naweza kuishi hivi mpaka uzeeni? Kwa nini nisiweze! Avoka zipo, mawese yapo. Ni roho tu inayolia, nayo itazoea.

Jumapili, 8 Juni
Kanisani wameniuliza kama ninaumwa. Furaha iliyoje! Lakini Symphorien, nyoka yule, ameeneza kwa ndugu kwamba Claudine hanilishi. Claudine amelia. Hilo sikulipanga, na limeniuma.

Jumatatu, 9 Juni
Mama mkwe amefika kutoka Kampemba na mfuko wa unga. Kwetu mkwe hali mbele ya mama mkwe. Yeye jikoni, mimi salon peke yangu na sahani. Mlima wa bukari! Kurudisha sahani ikiwa imejaa ni kumtukana yeye pamoja na binti yake.

Nikafungua dirisha. Mbwa wa jirani alimaliza kazi haraka. Sahani ikarudi safi. Vigelegele jikoni! Ikaja sahani ya pili, kubwa zaidi, na Claudine akaleta maneno ya mama yake: maskini, mutoto ya bantu alikuwa na njala! Nikachungulia nje. Mbwa amelala, tumbo juu. Alipoiona sahani akageuza uso.

Nikala. Ee Mungu, ile bukari ya moto na sombe ya majani ya muhogo! Nusura nilie kwa raha. Uamuzi wa kisayansi: mpango huu unaweza kudumu maisha yote, kwa mwanaume asiye na mama mkwe. Wangu anakaa mpaka harusi.

Ijumaa, 13 Juni
Koti halifungi. Hata halikaribii! Doudou akanikumbusha, bila huruma, ni nani aliyekataa kitambaa. Kitambaa kile cha kijivu kimekwisha sokoni. Nikambembeleza kama mtoto. Mwishowe akapasua mgongo wa koti, akatia kipande cha kikwembe cha harusi, kile cha maua ya manjano ambacho kina mama wote wa familia watavaa. Nimekwisha. Shahidi husimama mbele kanisani, mgongo kwa watu.

Jumamosi, 14 Juni
Nilisikia minong'ono nyuma yangu. Nikasubiri kicheko. Kikaja kigelegele cha mama mkwe! Nje ya kanisa akawatangazia watu wote kwamba mkwe huyu ameibeba familia mgongoni. Claudine akanishika mkono mbele za watu. Mpiga picha akanizunguka nyuma, akapiga na kupiga. Symphorien alivaa kijivu kitupu, maskini.

Jumatatu, 23 Juni
Picha iko ukutani! Ni ya mgongo, kweli, uso hauonekani, lakini ukuta ni ukuta. Symphorien amehamishiwa koridoni. Claudine anacheka tena.

Nimeitazama picha sana. Mgongo mpana mno. Kosa nimelijua: lilikuwa munkoyo. Naanza upya kesho, bila munkoyo. Nimepita kwa Doudou kuagiza koti la Noeli. Akauliza kama aache kitambaa ndani ya mshono.

Nimemwambia akikate chote.