Siku Karani Alipoingia Msitu wa Redwudi Kutafuta Mdudu

Sogeeni, enyi wenye masikio na enyi mlioyaazima! Zimeni redio, wekeni chini vikombe, niwasimulie habari za Karani Mstaafu wa Posta, Simba wa Kaunta Namba Tatu, Mgonga Mihuri Asiyechoka, na siku aliyojitosa msituni na lenzi mkononi kuziokoa Jumapili zake zote zilizobaki duniani.

Chanzo cha vita kilikuwa shemeji yake, muuza magodoro, mtu wa sauti kubwa na hoja ndogo. Alikuwa amenena mezani: "Hiyo redwudi yenu ni miti ya kupandwa, imepangwa mistari kama viti vya mkutano. Chini yake haishi hata sisimizi! Nionyeshe mdudu mmoja, ninyamaze. Ukikosa, kila Jumapili unakuja kwangu kutazama mpira, na mimi nakueleza."

Kuelezwa mpira na huyo bwana, nawaambieni, ni afadhali kung'olewa jino.

Basi wakaenda watatu, mke wa shujaa akibeba chupa ya chai. Mlinzi wa lango akatangaza kwamba kipenga cha kufunga ni saa kumi na moja. Karani akalibonyeza gome jekundu, kidole kikazama kama kwenye sifongo, akapaza sauti: "Enyi majitu mnaonyonya ukungu wa mawinguni, nifichulieni raia wenu!"

Majitu yakamdondoshea tone la maji shingoni.

Akapiga magoti, akafukua. Akalivuka tabaka la majani makavu, akaliteka la kahawia, akafika kwenye udongo mweusi wenye nyuzi nyeupe za kuvu. "Uhai!" akanguruma.

"Huo ni ukungu," akasema shemeji, aliyekuwa amevua viatu na kujinyoosha juu ya majani.

Karani akaonyesha kisiki cha kale kilichozungukwa na machipukizi, kama mama na wanawe.

"Hayo ni majani. Mimi nimesema mdudu."

Mara kitu chembamba kikajipinda chini ya lenzi! Karani akakivamia kwa vidole viwili, akakivuta, kikavutika, kikazidi kuvutika, mpaka mkono wa sweta yake ukafupika.

"Baba, inuka," mkewe akasema kwa huruma. "Magoti yako hayana spea."

Kipenga kikalia. Hapo Simba wa Kaunta Namba Tatu akaogopa kweli, machozi yakamlengalenga. Aliziona Jumapili zake zikipita moja moja, zote zina kona na penalti.

Lakini mdharau mwiba mguu huota tende. Ghafla shemeji akaruka, akiushika mguu wa suruali. "Nitoleeni! Kinapanda! Mdudu!"

Karani hakukimbia. Alitoa kalamu na daftari, kama mtu wa ofisi. "Shemeji, rudia, mlinzi asikie. Umesema nini?"

"Mdudu!"

"Wangapi?"

"Mmoja! Mama yangu! Wawili!"

Ndipo shujaa akainama, akawapokea kwa bahasha majongoo wawili weusi wanaong'aa, akawarudisha kwenye majani yao kwa heshima zote. Mlinzi akatia sahihi kama shahidi.

Na iandikwe katika tarikh za mataifa kwamba Jumapili iliyofuata Karani alilala mchana kutwa, akikoroma kama mfalme, na kwa shemeji mpira ukachezwa bila mtu wa kuelezwa.