Mwewe, Njiwa na Vikopo vya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi 1974

Daktari Andrew amefika zahanati yetu hapa Gesima na hadubini ndani ya sanduku. Mtafiti, kutoka Nairobi. Anachunguza minyoo ya tumboni. Anataka kikopo cha choo cha kila mtu, mlimani na bondeni. Wakusanyaji ni mimi na mwenzangu wa kazi, Ouma. Halafu akatamka lile neno: kuna nafasi moja ya kozi ya hadubini huko Nairobi. Moja! Sote wawili tukifanya vizuri, ataomba na ya pili.

Akaniruhusu kuchungulia. Nikaona yai la mnyoo! Mfano wa pipa dogo, lina kizibo huku na huku. Nani alilitia vizibo? Nimesahau hata kula mchana. Naitaka kozi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka.

Jumanne, 5 Machi

Daktari aliacha jarida la wataalamu mezani. Nimelisoma kwa msaada wa kamusi. Ajabu! Wametia ugomvi wa wanyama kwenye hesabu, kama mchezo wa watu wawili. Kuna wa tabia ya mwewe, anayepigana, na wa tabia ya njiwa, anayeachia. Mwewe akikutana na njiwa, anabeba chakula chote. Kurasa zilizofuata zilikuwa hesabu tupu, nikaziruka.

Ouma ni njiwa. Mtu anayepisha hata kuku njiani! Basi mimi ni mwewe.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwahi Ouma kuchagua eneo. Mlimani ni kwangu: ukoo wetu upande huu, wakwe zangu upande wa pili. Ouma nimemwachia bondeni, kwa watu nisiowajua. Akanijia polepole, akasema huko juu ni kwa baba zangu na wakwe zangu, watanionea haya. Yeye ni mtu wa ziwani, hana undugu na yeyote. Akaomba tubadilishane.

Ujanja huo! Njiwa kajivika manyoya ya mwewe. Nikamwambia damu ni nzito kuliko maji.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Nilianza kwa baba mdogo, mzee Onchiri. Akakitazama kikopo. Akanitazama mimi. Akauliza kama nilizaliwa na akili zangu zote au nyingine zilibaki. Kwetu kuna chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Mtoto hataji mambo ya choo mbele ya baba yake, na kila ndugu ya baba ni baba. Nilijua, najua tangu utoto! Nilidhani sayansi ina ruhusa yake.

Nyumba ya pili walifunga mlango. Kwa wakwe sikufika hata uani. Mama mkwe, mama Bonareri, aliniona kwa mbali na kikopo mkononi, akatumbukia kwenye migomba.

Ouma amerudi na kapu limejaa. Anapiga mluzi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimepata njia. Rafiki yangu Nyangau! Rika langu, tulitahiriwa pamoja. Kati yetu hakuna neno la aibu. Nilimweleza shida yangu, akacheka mpaka akakaa chini, kisha akanisaidia kwa ukarimu mkubwa. Nimegawa mchango wake kwenye vikopo vyote. Nikaandika majina: mzee Onchiri, mama Bonareri, wote, hadi wanaonyonya.

Jumapili, 10 Machi

Jana Sabato nilisali nikiwa nimeinamisha kichwa kuliko kawaida. Leo Daktari kaniita mbio. Vikopo vyangu vimemshangaza! Mzee na mtoto mchanga wana mayai yaleyale, kwa wingi uleule. Hajawahi kuona kitu kama hicho. Akauliza kama mlima mzima unakula chungu kimoja. Nikajibu kwamba wanapendana sana. Ouma alitazama dari.

Jumatano ni siku ya kugawa dawa, na mimi ndiye nitakayesimama kando ya Daktari. Kozi ni yangu!

Jumatano, 13 Machi



Watu walijaa. Daktari akasoma majina kwa sauti, mimi nimeshika jagi la maji. Akamwita mama Bonareri. Akamsifu, akitabasamu, kwamba mkwe wake mwenyewe ndiye aliyeleta choo chake. Mama mkwe akauliza, bila kunitazama, mkwe huyo alikitoa wapi. Mzee Onchiri akasimama, akauliza na chake je. Mtu akasema basi nimekuwa nikiingia vyoo vya watu. Choo cha mama mkwe!

Nilikuwa na njia mbili. Nikiri kwamba nimemdanganya Daktari, kozi ipotee. Au ninyamaze, wakwe waamini lile jambo. Nikanyamaza. Naam, kwa ajili ya kozi! Ndipo Nyangau akapaza sauti kutoka nyuma, kwa wema wake wote, kwamba mama atulie, kile kikopo kilikuwa chake yeye. Na vingine vyote pia.

Daktari alifunga hadubini sandukuni. Nimemkosa yeye, nimewakosa na wakwe.

Alhamisi, 14 Machi

Mbuzi wetu amepelekwa kwa wakwe kuondoa aibu. Mke wangu Jemimah hanisemeshi. Chakula ananiwekea, kisha anazungumza na sufuria. Kozi amepewa Ouma. Nimesikia alimsihi Daktari aniombee na mimi nafasi, Daktari akakataa. Hilo limeniuma kuliko matusi ya ukoo mzima. Nililia kidogo nyuma ya zahanati.

Jumatatu, 18 Machi

Ouma ameondoka. Sasa Daktari anaanza utafiti wa malaria, na hakuna mwingine anayezijua njia za mlimani. Alinitazama muda mrefu, akaniapisha kwamba sitadanganya tena. Nikaapa kwa moyo wote. Kuna nafasi nyingine ya kozi mwezi wa Agosti!

Nimelifikiria kosa langu kwa makini. Kosa lilikuwa choo. Safari hii anataka tone la damu kwenye kioo, na damu haina aibu. Tena damu zote ni nyekundu.

Nimepita kwa Nyangau jioni. Ana afya nzuri sana.