Mkwe wa Kyoto Kasifu Saa Yangu

Jumapili, 9 Juni

Nimerudi kutoka Kyoto. Ushindi! Bi Umetani, mama yake Shungo, mchumba wa binti yangu Chinatsu, amenipenda kama ndugu. Alisifu saa yangu ya mkononi. Jamani mkwe, saa nzuri hiyo! Nikaivua, nikampa aishike, nikamweleza nilivyoishinda kwenye bahati nasibu ya soko letu la Tengachaya, hapa Osaka, na jinsi Baba Chinatsu alivyonuna kwa kuwa alitaka baiskeli. Akasifu na sauti yangu. Ina nguvu, akasema, hata majirani watakuwa wamefaidi. Mwishoni akauliza kama nitakula japo wali wa kumiminiwa chai. Nani akatae! Nikala, nikaomba tena. Alikawia kuuleta. Nadhani alikuwa anapika mpya kwa heshima yangu.

Kuna jambo moja tu linalonila roho. Anataka maharusi wakaishi kwake. Nyumba ndefu, nyembamba, giza kama koo la nyangumi. Na Chinatsu wangu hukohoa akisikia tu neno baridi! Mimi nataka wapange ile nyumba iliyo juu ya duka la tofu, hapa nyuma yetu, nikipiga chafya aniambie pole. Mwamuzi ni Bi Umetani. Shungo hambishii mama yake hata rangi ya soksi. Lakini kwa jinsi alivyonipenda leo, hana ujanja.

Jumatatu, 10 Juni

Nataka ardhi ipasuke inimeze. Nimemsimulia Chinatsu, naye akafunika uso kwa taulo ya jikoni. Mama, akasema, mtu wa Kyoto akisifu saa yako, maana yake itazame uondoke. Akisifu sauti yako, maana yake punguza kelele. Na wali wa chai? Wali wa chai ndio mlango wenyewe, mama, unaonyeshwa! Pengine haukuwepo hata jikoni. Unasema asante, unavaa viatu.

Mimi nikaomba tena!

Baba Chinatsu alicheka mpaka akamwagia bia gazeti lake la mbio za farasi. Akauliza kama wali ulikuja na achari ya figili. Nikasema ndiyo, na yenyewe nikaimaliza. Akasema masikini mama wa watu.

Mimi shule niliiacha mapema nikaenda kiwanda cha taulo. Kule mtu akikuchukia anakwambia: Sumie, unanuka kitunguu. Unajua pa kuanzia.

Basi nina mpango. Nimemwalika Osaka Jumamosi. Nitamtembeza, nimwonyeshe ngome yetu ya kale, nimlishe vya barabarani mpaka alegee. Mtu mwenye kitumbua cha pweza cha moto mdomoni hawezi kusema uongo. Akiupenda mji, atawaacha watoto wakae hapa. Naye amekubali! Chinatsu kanionya: sasa jihadhari mama, chochote atakachosema, kigeuze.

Kigeuze. Nimekariri.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua. Ndio msimu wake, najua. Lakini mimi nina historia. Mtaani wananiita mwanamke wa mvua. Siku ya michezo shuleni kwa Chinatsu: mvua. Harusi yangu: mvua, paa likavuja juu ya mama mkwe. Nikianika godoro tu, majirani wanakimbilia nguo zao.

Nimeshona wanasesere wa kuzuia mvua, vile vijitu vyeupe vya kitambaa, nikawatundika dirishani safu nzima. Watu huwajaza vichwa kwa pamba. Mimi nimewajaza maharage mekundu, wawe na akili.

Jumamosi, 15 Juni

Asubuhi Baba Chinatsu aliniita dirishani. Vichwa vimekuwa vizito mno. Wote wamepinduka, miguu juu! Na hata mtoto mchanga anajua: mwanasesere akining'inia kichwa chini, anaita mvua. Mama Chinatsu, akasema, umeajiri jeshi zima.

Mvua ya ndoo. Chinatsu yuko zamu kwenye duka la dawa, kwa hiyo niko peke yangu na adui. Bi Umetani alishuka kituoni kavaa kimono ya kijivu chini ya koti la mvua, soksi nyeupe pe. Akasema mvua hii nzuri, inatuliza vumbi. Nikageuza: mji wenu mchafu. Moyo ukashuka mpaka kwenye mabuti.

Ngome haikuonekana. Ngome nzima, na ghorofa zake zote! Nikamwonyesha wingu ambamo kwa kawaida huwamo. Akasema yeye anaiona kwa macho ya moyo. Nikageuza. Upepo ukanipokonya mwavuli darajani, ukatua kwenye maji ya handaki, bata wawili wakajihifadhi chini yake. Akasema wewe mkwe una huruma na viumbe. Nikageuza na hiyo, ingawa sikujua igeukie wapi.

Nikamkimbiza mtaa wa Dotonbori kula takoyaki, vitumbua vyetu vya pweza. Tulisimama chini ya turubai la muuzaji, linavuja, tone baada ya tone kwenye shingo yangu. Kabla sijamwambia avipulize, alishatia kimoja kizima mdomoni. Macho yakamtoka. Machozi. Akawa anapepea mdomo kwa mkono wa kimono kama anafukuza nzi. Nikampa maji, nikampiga mgongoni, nikamwita jina lake kwa sauti, watu wakageuka kutazama. Alipopata ulimi akasema: vitamu sana. Nikageuza. Nikatamani nilie naye.

Karata yangu ya mwisho: mishikaki ya kukaanga kule Shinsekai. Kijiduka chenyewe watu bega kwa bega, na bati moja la sosi kwa wote. Sheria iko ukutani kwa maandishi makubwa ambayo hata mimi nayasoma: kuchovya mara moja tu. Bi Umetani akachovya. Akauma. Akachovya tena.

Naapa hata mafuta yaliacha kuchemka. Mpishi, mzee mwenye shingo kama gogo, akanguruma: we bibi, hiyo sosi ya watu wote, au umeona kisima cha kwenu? Watu wakacheka. Bi Umetani akawa mwekundu kama tangawizi ya achari. Akaanza kuinama kuomba radhi, anainama na kuinama, kichwa kinakaribia kugonga meza.

Sikuweza kuvumilia. Ni mama wa mtu. Ameniletea mtoto wake. Nikachukua mshikaki wangu nilioutafuna nusu, nikauzamisha kwenye bati mpaka vidole. Nikasema, kwa ile sauti yangu: na mimi je? Haya, tufukuze wote!

Akatufukuza wote.

Tukasimama mvuani chini ya mwavuli mmoja, sosi imetuchuruzika videvuni. Soksi zake zimekuwa rangi ya chai. Akaziba mdomo kwa mkono wa kimono, mabega yanatikisika. Nimemliza! Nimemliza mkwe hadharani! Sikuthubutu kumtazama, nikatazama mfereji. Kituoni akanishika mikono yote miwili. Akasema hajapata siku kama hii tangu mumewe afariki. Akasema Osaka ndipo mahali pa mtu kuishi.

Nikageuza. Osaka si mahali pa mtu kuishi.

Basi. Yamekwisha.

Jumapili, 16 Juni

Nimeamka uso umevimba kama mkate wa mvuke. Lakini wazo limekuja. Nikisubiri anitamkie mwenyewe, nitaaibika. Nikiwahi kusalimu amri, pengine ataniachia nimwone mwanangu sikukuu kwa sikukuu. Nikampigia simu. Nikamwambia nimeelewa yote, watoto waje wakae kwako, huku kwetu pachafu, kelele tupu, na hatujui kuchovya.

Kisha akauliza polepole: ndivyo unavyotaka kweli, mkwe? Nikasema ndivyo hasa. Akasema kama ni hivyo, sawa.

Heshima yangu imepona. Nimelia juu ya mchele nikiuosha. Leo haukuhitaji chumvi.

Jumatano, 19 Juni

Chinatsu kaja kutoka kazini, kasimama mlangoni, viatu hakuvua. Mama, umefanya nini?

Kumbe Jumamosi Bi Umetani alirudi Kyoto akicheka peke yake kwenye treni mpaka abiria wakamhama. Hakuwa analia! Akamwambia Shungo akachukue nyumba ya juu ya duka la tofu upesi, kabla haijapata mtu, ili na yeye apate sababu ya kuja kila wiki kula na mama Chinatsu. Jumapili Shungo alikuwa anavaa viatu aende kwa mwenye nyumba. Simu ikalia. Mimi.

Sasa Bi Umetani anaamini nimemfukuza kwa ustaarabu. Amemwambia Shungo hakujua kwamba hata Osaka watu husema kwa mafumbo. Na nyumba imepangwa jana na mpiga tarumbeta. Ninamsikia hivi sasa. Anajifunza wimbo mmoja, haujui.

Nikamwambia Chinatsu: si wewe uliyesema kigeuze! Akasema si kila kitu, mama! Nikauliza sasa mtu atajuaje? Akasema ungemtazama usoni. Kisha akanikumbatia pale pale mlangoni, na mwavuli wake uliolowa katikati yetu. Mwezi wa kumi anahamia Kyoto. Nani atamchemshia tangawizi akikohoa? Baba Chinatsu amekunja gazeti lake, hakucheka. Hilo ndilo limeniumiza zaidi.

Chinatsu kaniapisha nisiguse simu.

Alhamisi, 20 Juni

Nimegusa simu.

Nimemwomba Bi Umetani radhi mpaka nikakaukiwa. Akanisikiliza kwa upole mwingi. Akasema mambo yameshapangwa, hakuna neno, na kwamba anajua mimi ni mtu wa shughuli nyingi. Lakini siku yoyote nikipita Kyoto, nisiache kuingia nile japo wali wa chai.

Wali wa chai! Mwenyewe, kwa kinywa chake! Nimeruka mpaka mpiga tarumbeta akanyamaza.

Chinatsu ananipigia simu, sipokei, atanivunja moyo tu. Mtoto yule hajui watu. Nilimgeuzia maneno mwanamke yule mara moja nikapoteza kila kitu, sirudii kosa hilo. Bi Umetani husema lililo moyoni, kama kiwandani kwetu.

Kesho nakwenda. Nimefungasha nguo za kulalia na bakuli langu mwenyewe, kubwa kidogo, nisimsumbue kupakua mara mbili. Wanasesere nao wamo, nimewaongezea maharage. Baba Chinatsu ameuliza nitakaa siku ngapi. Nimemwambia inategemea wali.

Saa nimeivaa. Safari ile aliipenda sana.