Nyanya Zilizodungwa Sindano

Jumapili, 4 Mei 1958

Nyanya tatu zimelala! Jua la mchana likiwaka zinainamisha vichwa, ilhali mvua imenyesha wiki nzima. Adero, mke wangu, amekaa kando yake kama mtu aliyefiwa. Bustani hii iko nyuma ya landi, nyumba zetu wafanyakazi wa reli hapa Nakuru. Yeye hulima, mimi husimamia. Jumamosi ya tarehe 17 mpishi mkuu wa hoteli ya mjini atakuja kuchagua nyanya za nani atanunua mwaka mzima. Akichagua zetu, naaga kubeba magunia stesheni. Akichagua za Nabalayo, yule mjane wa ng'ambo ya ua, sijui nitaweka wapi uso wangu. Tayari anaringa. Kusema kweli hajasema lolote, lakini anavyopalilia!

Jumanne, 6 Mei

Bwana shamba Kiprugut amekuja. Alikata shina la nyanya gonjwa, akalitia kwenye glasi ya maji safi. Ukatoka uzi mweupe kama maziwa. Akasema ni mnyauko wa vijidudu: tung'oe zilizougua, tuchome moto, na kisu kilichogusa gonjwa kisiguse nzima. Kung'oa na kuchoma! Namshukuru Mungu hakusomea udaktari wa watu.

Nikamuuliza habari za streptomaisini, ile dawa mpya ya kifua kikuu. Akakiri kwamba kwenye mashamba makubwa ya wazungu wameanza kunyunyizia maharagwe dawa hiyo. Lakini kwa mnyauko huu wa nyanya, akasema, haisaidii. Mchoyo! Anataka siri ibaki kwa wazungu.

Jumatano, 7 Mei

Nimefikiri kazini mpaka gunia likaniangukia mguuni. Kunyunyizia! Nani aliwahi kupona kwa kumwagiwa dawa? Mtu wa landi akipewa vidonge dispensari, hurudi akilalamika kwamba hakutibiwa. Akidungwa sindano, hajafika hata mlangoni ameanza kupata nafuu. Basi na nyanya ni hivyo hivyo.

Nimekwenda huko Bahati, nje ya mji, kwa jamaa anayetibu ng'ombe. Amenipa chupa ya streptomaisini na sindano yake kuukuu, nami nikampa koti langu la harusi. Adero hajui habari za koti.

Alhamisi, 8 Mei

Nimedunga! Nilianza na zile gonjwa, maana mgonjwa mahututi hutangulia. Kisha zile nzima, shina kwa shina, ziwe na kinga. Sindano ileile, sikupoteza hata tone. Adero alikuwa sokoni. Aliporudi aliuliza mbona nyanya zinavuja. Nikamwambia hiyo ni dawa, inafanya kazi.

Jumamosi, 10 Mei

Sifa zimeenea! Landi nzima imeniita niwadungie nyanya zao. Wananiita daktari. Mzee mmoja aliomba nimdunge na yeye kiunoni. Nikakataa, dawa ilikuwa imebaki kidogo.

Nabalayo peke yake amekataa. Alisimama langoni na jembe, akaniambia kwa upole kwamba, shemeji, ukivuka hapa nitakudunga wewe kwa hili. Nikamjibu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuonekana kuogopa.

Jumatano, 14 Mei

Zimelala. Zote. Zetu, za majirani, mpaka za mchungaji. Kiprugut alikuja mbio, akauliza nani alipita huku akiwa na nini. Vidole vyote vikanielekea. Akasema sindano ndiyo iliyobeba ugonjwa shina hadi shina, na kwamba hata ningekusudia kuueneza nisingefanya vizuri zaidi ya hapo.

Adero alikaa kwenye tope, akalia. Amezitekea maji nyanya hizo tangu zikiwa kitaluni. Niliumia moyo, naandika bila aibu. Nikamwambia asijali, pengine kesho zitaamka. Akanirushia sufuria.

Jumamosi, 17 Mei

Mpishi alipita bustani zetu bila kusimama, ameziba pua. Kwa Nabalayo alichuma nyanya moja, akatoa chumvi mfukoni, akaila palepale. Imekwisha. Amemchagua yeye!

Nabalayo akasema kazi ya mwaka mzima hataiweza peke yake, akamwita Adero walime pamoja. Adero akafuta machozi, akachukua jembe. Wana sharti moja tu: mimi nisikanyage. Wamezungusha miiba.

Jumapili, 18 Mei

Kanisani nimekaa benchi peke yangu, kwa hiyo nimepata nafasi ya kutafakari. Nimelitambua kosa langu, na ni kubwa. Nilidunga mashina! Ugonjwa unatoka mizizini, hata mtoto anajua. Tena sindano yenyewe ilikuwa ya ndama.

Baada ya ibada nimekwenda Bahati. Yule jamaa anayo ya fahali, na chupa mbili. Nimerudi kwa miguu, baiskeli imebaki kwake. Kesho asubuhi Adero na Nabalayo wanapeleka mzigo wa kwanza hotelini. Upande wa choo ile miiba haikufika chini, na mtu mwembamba anapita. Maskini Adero, atafurahi sana akirudi.