Mpwa Wangu Ameitwa Usaili, Mimi Ndiye Kocha

Jumatatu, 4 Agosti

Shangwe! Mpwa wangu ameitwa usaili wa kazi Ijumaa. Hospitali kubwa, idara ya dharura. Kazi yenyewe: kupima presha, kubandika nyaya za mashine ya moyo vifuani mwa watu, kufunga vidonda, kusukuma machela mbio. Kahitimu mwaka juzi, na tangu hapo anauza vocha dirishani. Akikosa na hii, baba yake kasema basi, vyeti vilale kabatini, aende akahesabu mbao kwa jamaa yao. Kusikia mbao, binti kalia.

Nikatangaza mezani kuwa mimi, mjomba mtu, nitamwandaa. Nani mwingine? Mimi niliyewahi kurudisha utumbo wa bondia kwa mikono hii hii, na bondia akamalizia pambano! Dada yangu kauliza mbona mwaka jana alikuwa mbuzi. Nikamwambia hayo ni matukio mawili tofauti.

Kabla sijafika penye utamu, hodi. Shangazi yake binti! Kimoyomoyo namwita Jenerali. Kaja na viatu vyeupe vipya, kakaa kwenye kiti changu, kasema maandalizi ataendesha yeye. Eti alifanya kazi mapokezi ya zahanati. Mapokezi! Hata meza ya pale ina uzoefu huo.

Jumanne, 5 Agosti

Nimejitolea mwili wangu kwa sayansi. Nimejifanya nimevunjika mkono, binti kanifunga bendeji kwa ustadi mkubwa. Kabla hajanifungua, Jenerali kamwita jikoni. Makusudi! Nimekula chakula cha mchana kwa mkono wa kushoto, nusu mdomoni, nusu kwenye shati.

Kisha binti kanipima presha. Iko juu. Nikaeleza kuwa damu ya wanaume wa ukoo wetu ina nguvu, vimashine vya kawaida haviiwezi. Jenerali kasema ni chumvi. Kupimwa tena, imepanda zaidi.

Jioni nikavaa miwani ya dada, nikawa mkuu wa hospitali. Swali: basi limepinduka, majeruhi wamejaa, umeme umekatika, uko peke yako, unafanya nini? Binti kajibu ataita wenzake. Jibu dhaifu! Nikamfundisha: sema utawabeba wawili wawili. Na aseme ana uzoefu wa miaka kumi. Kasema, "Mjomba, mimi nina miaka ishirini na tatu." Nikamwonya aache kujidharau. Jenerali kacheka kwa pua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimewaza. Maneno matupu hayampi mtu kazi. Waajiri wanataka kuona kwa macho yao. Kinachohitajika ni mgonjwa: aanguke mbele yao, binti amwokoe, mkataba usainiwe hapo hapo. Lakini mgonjwa mwenyewe lazima awe na kipaji. Nikatazama kwenye kioo. Nikampata.

Nimefanya mazoezi ya kuanguka sebuleni. Mara ya kwanza, safi. Mara ya pili, stuli ya kioo ikawa marehemu. Dada kaja mbio, kauliza nani. Nikasema paka. Kasema hatuna paka. Nikasema ndiyo maana sikumtambua.

Alhamisi, 7 Agosti

Binti kanifuata uani. Kanishika mkono kwa upole, kasema ananipenda na ananiheshimu, ila kesho, tafadhali sana, nibaki nyumbani. Maskini ya Mungu, anahofia nitachoka! Nikaapa kuwa mguu wangu hautakanyaga barabara. Kweli kabisa. Nitapanda pikipiki.

Ijumaa, 8 Agosti

Naandika kwa taabu. Kifua kinawasha.

Nilitinga suti ya harusi ya shemeji, maana mgonjwa nadhifu huhudumiwa haraka. Shemeji hakuulizwa, alikuwa anaoga. Ukumbi wa dharura ulikuwa umefurika. Wasailiwa walipitishwa mmoja mmoja katikati ya wagonjwa, daktari na muuguzi mkuu wakiwatazama. Zamu ya binti ikafika. Nikashika moyo, nikanguruma, nikaanguka. Anguko la maisha yangu! Nikamwita mama, nikamwita bibi, nikapiga mateke hewani.

Binti akanitazama. Nikamkonyeza. Macho yake yakanipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Akaniruka! Mimi, mjomba mtu, nikarukwa kama dimbwi! Akaenda kwa mzee mmoja aliyejikalia pembeni, kofia mapajani, hasemi neno, jasho linamtiririka. Akamshika mkono, akasikiliza mapigo, akaita machela. Wote wakakimbia na mzee. Nikaongeza sauti. Muuguzi mkuu akaniambia, "Baba, sogea kidogo, unaziba njia."

Msailiwa aliyefuata ndiye aliyeniona. Jitu la mabega, lina njaa ya kazi. Nikamnong'oneza kuwa nimepona. Akasema wote husema hivyo. Nikafungwa mikanda. Mkasi ukapanda suruali ya shemeji toka kisiginoni hadi kiunoni, kisha ukashuka mguu wa pili. Halafu wembe! Eti nyaya hazishiki penye nywele. Nywele za kifua nilizozilea tangu ujana, zote sakafuni! Mashine ikasema moyo mzima kabisa. Nimerudi nyumbani na shuka la hospitali, nimekaa upande upande kwenye pikipiki.

Jumamosi, 9 Agosti

Simu imelia asubuhi. Kapata! Dada kapiga vigelegele hadi majirani wakatoka nje. Shemeji kwa furaha kanisamehe mguu mmoja wa suruali. Wa pili bado.

Binti kasimulia. Yule mzee moyo ulikuwa karibu kuzimika. Sasa yuko wodini, anagombana na wauguzi. Walimwuliza kwa nini alimwacha anayepiga kelele. Kawajibu kuwa anayepiga kelele anapumua, wa kukimbiliwa ni aliyenyamaza. Wakauliza kama anamjua mpiga kelele yule. Kasema ndiyo, ni mjomba wake, hata nyumbani yuko hivyo hivyo. Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Jenerali naye kacheka hadi kaegemea friji. Nimewaacha. Bila kelele zangu, ukimya wa yule mzee ungeonekanaje? Kazi hii kaipata kwa mgongo wangu, tena mgongo wenyewe unauma.

Jumapili, 10 Agosti

Nimetafakari kwa kina. Mpango ulikuwa sahihi. Kasoro ni sauti tu.

Kesho binti anaanza kazi, na siku ya kwanza wakubwa wote watamkodolea macho. Hawezi kuachwa hivi hivi bila mgonjwa wa maana. Nitakaa pembeni, kimya, sisemi hata neno. Kofia nimeshaichomoa kabatini kwa shemeji. Jasho nitajinyunyizia bombani. Na kifua tayari kimenyolewa, hatutapotezeana muda.